Unataka Bustani ya Kitropiki Ushago? Cheki Vile Namboboto Iko na Kila Kitu, na Mahali Wasee Huchoma

Wasee wengi wa mtaa wakifungua TikTok usiku wanaona bustani za Bali. Majani makubwa kama mwavuli, ndizi kila kona, kivuli safi, mtu ameketi anakunywa juisi. Halafu Desemba inafika. Unapanda basi hadi Busia, unachukua nduthi hadi Namboboto kule Samia, unapata uwanja wa mathe umefagiliwa hadi udongo unang'aa. Hata jani moja haliko.

Sasa skia hii. Bali iko karibu digrii 8 kusini ya ikweta. Namboboto haifiki hata digrii 1 kutoka ikweta. Buda, wewe ndiye tropiki yenyewe! Huhitaji kununua mimea ya bei kali Nairobi. Unahitaji kupanga tu.

Lakini kabla uchukue jembe, tuelewane kitu kimoja. Shosho akifagia uwanja si ushamba. Kichaka karibu na nyumba ni maficho ya nyoka, na Busia iko kwa ukanda wa ziwa, ambao ndio unaongoza Kenya kwa malaria. So bustani yako lazima ijibu hayo maswali mawili, la sivyo itang'olewa siku ile ile unarudi Nairobi.

Panda kwa ghorofa

Siri ya msitu ni ghorofa. Juu kabisa kuna miti ya kivuli: muembe, parachichi, papai. Katikati kuna majani mapana: migomba, kana, nduma. Chini kuna kitu kinachotambaa na kufunika udongo, kama viazi vitamu. Mimea ikikaa pamoja hivyo, inakingana na jua na upepo, na unyevu hautoroki haraka. Mgomba ukiwa solo katikati ya uwanja, upepo unaurarua majani hadi unakaa kama bendera kuukuu.

Na usidharau nduma. Majuu watu hutoa ganji kununua nduma kama ua la kupamba. Viazi vitamu pia, kuna aina zinauzwa huko kwa sababu ya majani tu. Wewe unapamba na bado unakula.

Desemba chimba, Machi panda

Hapa ndipo wasee huchoma. Wanakuja likizo Desemba, wanapanda, wanapiga picha, wanarudi mtaa. Januari na Februari ni kiangazi. Kila kitu kinakauka, na anayebaki kubeba mitungi ya maji kutoka kisimani ni mathe ama mtoi wa darasa la tano. Hiyo si bustani, hiyo ni mateso umeachia wengine.

Fanya hivi: Desemba chimba mashimo, futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Acha. Mvua ndefu ikianza Machi, panda. Weka migomba mita 3 kutoka kwa mwenzake. Funika udongo na nyasi kavu ama majani ya ndizi, lakini usibane shina, acha nafasi ya kiganja.

Halafu maji. Milimita 1 ya mvua kwa mita 1 ya mraba ya mabati ni lita 1. Nyumba ya mita 6 kwa 5 ikipata mvua ya milimita 20 jioni moja, hiyo ni kama lita 600, ukitoa kidogo inayopotea. Weka mifereji na tangi lenye kifuniko. Maji ya kuosha vyombo yaelekeze kwa migomba. Chimba shimo kubwa la duara, jaza takataka za shamba, panda ndizi kwa ukingo. Shimo linakunywa maji machafu, ndizi zinanenepa.

Chunga miche ya mpakani

Hii ni noma na wengi hawaijui. Kuna ugonjwa wa mnyauko wa ndizi unaoletwa na bakteria. Uliripotiwa Uganda mwaka wa 2001, na kufikia 2006 ulikuwa umeingia magharibi mwa Kenya. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Hakuna dawa. Unang'oa.

Unasambaa kupitia miche, wadudu wanaotembelea maua, na panga. So usibebe mche wa bei ya mbao kutoka ng'ambo ya mpaka kwa nduthi. Mimea inayovuka inafaa kukaguliwa na KEPHIS. Tafuta kitalu cha kuaminika, choma makali ya panga kwa moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na ule ua wa zambarau unaoning'inia chini ya mkungu uvunje na mti wenye panda, si kisu.

Na gugumaji la ziwani, lile la maua ya zambarau ukienda Sio Port, usilibebe kamwe. Lilianza kusumbua Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990 na wavuvi bado wanalia nalo.

Nyoka, mbu na watoi

Acha mita 3 wazi kuzunguka nyumba, hapo shosho aendelee kufagia. Usirundike mawe wala kuni ndani ya bustani. Maji yasitulie kwa sahani za poti ama kwa matairi. Na mimea yenye utomvu wa sumu kama olianda, weka mbali na watoto na mbuzi.

Na kama uko keja ama majuu?

Nairobi Julai ni baridi, so ndizi zitakawia, lakini kana na nduma zitasimama. Lodwar anza na kivuli na maji kabla ya jani lolote. Uingereza wasee hupanda mgomba wa kustahimili baridi na kuufunga na majani makavu wakati wa barafu. Keja ndogo bila jua? Tafuta mmea wa zizi. Asili yake ni huku kwetu, kutoka pwani ya Kenya hadi Afrika Kusini, lakini ni Waholanzi walioanza kuuza kwa wingi mwaka wa 1996 hivi. Walituuzia chetu.

So likizo ijayo, beba jembe, si poti ya plastiki. Chimba, kaa chini na shosho, muulize ni nini kilikuwa kinamea hapo kabla ya ukumbi wa mabati. Atakuonyesha mche, na hautalipa hata soo.