Mafuta ya Moyo Hayaonekani Kwenye Mizani

Mtu anayeanza mazoezi hupanda mizani kila wiki, na mshale usiposogea huona jasho lake limekwenda bure. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwani mizani hupima uzito tu. Haisemi mafuta yamekaa wapi, na kwa afya ya moyo mahali ndipo penye habari. Kila moyo una mafuta, hata wa mtu mwembamba. Tabaka moja limeshikana na msuli wa moyo wenyewe, jingine liko nje ya utando unaoufunika. Lile la ndani kwa kawaida lina kazi: huupa msuli nishati na kuikinga mishipa ya koronari. Balaa huja linapozidi. Hakuna kizuizi kati yake na msuli, na vyote viwili hulishwa na mishipa ileile midogo ya damu, kwa hiyo kemikali za uchochezi zinazotoka kwenye mafuta yaliyozidi hazina safari ndefu.

Mwaka 2019 watafiti wa hospitali ya Rigshospitalet, Copenhagen, walichapisha matokeo ya jaribio la watu wazima 50 wenye kitambi na maisha ya kukaa tu, lakini wasio na kisukari wala ugonjwa wa moyo. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine mazoezi makali ya pumzi, wengine ya kunyanyua uzito, wengine waendelee kama walivyokuwa. Waliofanya mazoezi walitoa jasho dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Vipimo vya MRI vilionyesha kuwa, wakilinganishwa na wasiofanya kitu, mafuta ya ndani yalipungua kwa asilimia 32 kwa kundi la pumzi na 24 kwa kundi la uzito. Ya nje yalipungua kwa asilimia 31 kwa wanyanyuaji. Kwa wale wa pumzi upungufu ulikuwa mdogo kiasi kwamba huenda ni bahati tu. Hapo ndipo dhana iliyozoeleka, kwamba moyo hutibiwa kwa kukimbia na vyuma ni vya vijana wanaotafuta vifua, inapotikisika.

Mwenye shaka atasema watu 50 ni wachache, na ana haki: kwa idadi hiyo asilimia hizo ni makadirio yenye wigo mpana, si kipimo cha kuapia. Lakini timu hiyohiyo ilikwenda mbele zaidi. Katika jaribio jingine, baadhi ya waliopiga baiskeli walipewa tocilizumab, dawa ya baridi yabisi inayozuia interleukini 6, kemikali ambayo msuli huitoa ukifanya kazi. Waliopewa dawa hiyo walikanyaga pedali kama wenzao, ila mafuta ya moyo hayakupungua. Maana yake mazoezi hayaunguzi nishati tu. Msuli unaofanya kazi hutuma ujumbe, na ujumbe ukizibwa, faida hii hupotea.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba picha ya MRI si uhai. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao MESA ulikuta wenye mafuta mengi kuzunguka moyo wakipata ugonjwa wa koronari zaidi, ila uhusiano si uthibitisho kwamba kuyapunguza kutazuia shambulio. Hilo bado linadai majaribio marefu. Kuhusu wanaosema punguza ugali inatosha, ni kweli kupungua uzito nako hupunguza mafuta haya. Hata hivyo uchambuzi wa tafiti nyingi wa mwaka 2016 ulikuta kuwa uzito usiposhuka, mazoezi hupunguza mafuta ya ndani ya tumbo kwa takriban asilimia 6, na mlo kwa takriban 1.

Kwa mwenye magoti mabovu, basi, kuinuka kitini mara nyingi au kunyanyua dumu la maji si mazoezi ya daraja la pili. Ila wale wa Copenhagen walichaguliwa wakiwa hawana ugonjwa wa moyo. Anayebanwa na kifua akipanda ngazi aanze kwa daktari.