Sindano ya Damu Kuganda: Uliza Idadi Kabla ya Bei

Mguu mmoja umevimba, altrasaundi imeonyesha damu imeganda kwenye mshipa, na daktari ameandika enoksaparini, ile ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Clexane. Ndugu wa mgonjwa anafika dirishani, anatajiwa bei ya sindano moja, anaguna, anakwenda kuuliza famasi ya pili. Si vibaya. Ila tofauti ya bei kati ya famasi na famasi mara nyingi ni sehemu ndogo ya bili. Kinachoinenepesha ni idadi ya sindano, na idadi hiyo inatokana na mambo ambayo mnunuzi ana haki ya kuyauliza kabla hajatoa hela.

Tumchukue mtu mzima wa kilo 70. Kutibu damu iliyoganda, kipimo cha kawaida ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku: 70 asubuhi, 70 usiku. Sindano ya 70 haipo sokoni, kwa hiyo atauziwa za 80, mbili kila siku, 14 kwa wiki. Upo utaratibu wa pili, wa miligramu 1.5 kwa kilo mara moja kwa siku. Hapo zinatoka kama 105, na daktari anaweza kuamua sindano moja ya 100 inatosha. Wiki nzima ni sindano 7. Utaratibu huu haumfai kila mtu; mwenye saratani, mnene sana au mwenye damu iliyoganda sehemu kubwa kwa kawaida hubaki kwenye mara mbili. Lakini kama hujauliza, hakuna atakayekuambia kwamba upo.

Swali la pili ni la figo. Dawa hii hutolewa mwilini na figo, na zikiwa zimechoka sana (uwezo wa kuchuja chini ya mililita 30 kwa dakika) kipimo hushuka hadi miligramu 1 kwa kilo mara moja tu kwa siku. Kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, ni cha bei ndogo ukilinganisha na kozi ya sindano. Mgonjwa wa figo asiyepimwa hulipa maradufu ili apewe dozi inayoweza kumtoa damu. Sijui uamuzi mbaya wa kifedha kuuzidi huo.

Sasa tuangalie njia zenyewe. Heparini ya kawaida, ile ya vichupa, ndiyo ya bei nafuu kati ya sindano zote. Lakini kutibu nayo kunataka dripu, kulazwa, na vipimo vya damu vya mara kwa mara, kwa hiyo kitanda kinameza kile ulichookoa kwenye chupa. Ina nafasi yake: kwa mwenye figo mbovu, au anayesubiri upasuaji, maana makali yake huisha upesi na ipo protamini ya kuyazima. Kwa enoksaparini, protamini huzima sehemu tu.

Warfarini kwa bei ya kidonge haina mpinzani. Tatizo ni kwamba haianzi kazi siku ileile. Sindano lazima ziendelee sambamba nayo kwa siku 5 au zaidi, mpaka INR, yaani kipimo cha muda wa damu kuganda, ifike 2 na kubaki hapo kwa saa 24. Kwa hiyo anayesema amechagua warfarini kukwepa sindano bado ana sindano 10 za kununua, pengine zaidi. Baada ya hapo vipimo vya INR vinaendelea kwa miezi, na mtu wa Mkuranga anayepimwa Dar es Salaam aweke nauli na siku ya kazi iliyopotea. Tena dawa hii hugombana na nyingine: Flagyl na Septrin huipandisha, rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya. Mchicha, kisamvu na matembele havikatazwi. Kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki.

Vidonge vipya ndivyo vinavyobadilisha hesabu. Rivaroksabani (Xarelto na zile zilizotengenezwa bila jina hilo) huanzwa bila sindano yoyote: miligramu 15 mara mbili kwa siku 21 pamoja na chakula, kisha 20 mara moja. Kwa siku 90 ni vidonge 42 vya 15 na 69 vya 20. Apiksabani nayo haihitaji sindano mwanzoni. Dabigatrani inahitaji: sindano siku 5 kwanza, ndipo kidonge. Ukiambiwa tu "vidonge vipya", uliza ni kipi. INR haipimwi kwa hivi vyote, na kwa wengi hapo ndipo jumla ya miezi mitatu inapokuwa ndogo hata kama boksi linatisha. Havimfai mjamzito wala anayenyonyesha, na anayetumia rifampisini atafute njia nyingine.

Kwa Waislamu kuna jambo ambalo ni vizuri kuambiwa mapema: heparini na enoksaparini hutokana na utumbo wa nguruwe. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kwa hoja ya dharura. Anayetaka kuepuka kabisa aulizie fondaparinuksi, ambayo hutengenezwa maabara, ila haimfai mwenye figo zilizochoka.

Ukishalipa, soma sindano yenyewe kabla hujaondoka dirishani. Usitazame ujazo peke yake. Ipo ya mililita 0.8 yenye miligramu 80, na ipo ya mililita 0.8 hiyohiyo yenye 120. Nunua famasi iliyosajiliwa, yenye kiyoyozi kinachofanya kazi kwelikweli, kwa sababu boksi la Clexane linataka joto lisizidi nyuzi 25. Friza hairuhusiwi.

Kuchomwa zahanati mara mbili kwa siku kwa wiki mbili ni safari 28. Kujichoma nyumbani ni bure, na muuguzi hukufundisha kabla hujatoka wodini. Nawa mikono, kaa ukiegemea, chagua ubavu wa tumbo, sentimita 5 au zaidi kutoka kitovuni, upande huu leo na ule mwingine zamu ijayo. Finya ngozi, ingiza sindano yote wima, sukuma polepole, na usiachie mkunjo mpaka utoe. Usisugue, ukisugua utapata alama nyeusi. Kiputo cha hewa kilichomo kiache. Ukihitaji kupunguza dozi, kama mtu wetu wa kilo 70, elekeza sindano ya 80 chini na umwage mililita 0.1. Hizo miligramu 10 zinauma, najua, lakini hazitunzwi. Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, kisha inaingia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko.

Kuna desturi yetu moja inayonitia hofu kuliko zote: mgongo ukiuma, mtu anakwenda kuchomwa diklofenaki kwenye makalio. Ukiwa kwenye dawa hizi, sindano ya msuli inaweza kuvujisha damu ndani ya nyama, na diklofenaki yenyewe, kama ibuprofeni na aspirini, huongeza hatari ya tumbo kutoa damu. Mwambie kila anayekuhudumia. Choo cheusi kama lami, mkojo wa damu, kichwa kinachouma ghafla au kuanguka na kugonga kichwa ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Mjamzito ndiye mwenye bili nzito kuliko wote. Warfarini hupita kondo la nyuma na inaweza kumdhuru mtoto, enoksaparini haipiti. Aliyegunduliwa wiki ya 20 atachoma hadi kujifungua na wiki 6 baada yake: siku 182, sindano 364 kama ni mara mbili. Hapa bima inahitaji swali la wazi, kama inalipia sindano za kwenda nazo nyumbani au za wodini tu. Zile wiki 6 za mwisho ni sindano 84, na warfarini inaruhusiwa kwa anayenyonyesha, kwa hiyo daktari akikubali kubadilisha, nyingi kati ya hizo hazitanunuliwa. Na saa ya kila sindano iandikwe kwenye kadi ya kliniki. Baada ya dozi ya matibabu, ganzi ya mgongoni husubiri saa 24, na daktari wa usingizi atakayekupokea usiku na uchungu hawezi kukisia.