Mhandisi wa Mamboya asomee wapi?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mzazi wa Mamboya, huku Kilosa, huuliza ada kwanza. Ni swali la haki, lakini kwa vyuo vya umma majibu yake hayapishani sana. Uhandisi huwa milioni moja na laki kadhaa kwa mwaka, mtoto aende Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), SUA ya Morogoro, UDOM ya Dodoma au MUST kule Mbeya. Vyuo binafsi viko juu ya hapo. Pesa nyingi huishia kwenye kulala na kula.

Bodi ya Mikopo huhesabu shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Chukulia mwaka wa masomo una siku 240: ni 2,400,000, tayari imeipita ada. Kwa miaka minne ni 9,600,000. Na bumu, yaani pesa hiyo ya mkopo, si sadaka. Kijana akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe.

Elfu kumi hiyo haina nguvu sawa kila mji. Mlimani kuna hosteli zilizofunguliwa 2017, zile za Magufuli, zenye nafasi 3,840. Anayezikosa anapanga chumba Msewe au Changanyikeni, na wenye nyumba wa Dar hupenda kodi ya miezi sita kwa mkupuo wakati bumu halijaingia. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) iko katikati ya jiji, kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi. Kwa karakana ni chuo kizuri, kwa kodi za jirani ni balaa.

Morogoro, iliko SUA, mambo ni mengine. Chumba ni nafuu, na gunia la unga na maharage linapandishwa basi kwenye barabara kuu na kufika siku hiyo hiyo. Wachache huliingiza hilo kwenye hesabu, ingawa kwa familia ya wakulima ndiyo ruzuku ya uhakika kuliko zote.

Tatizo ni kwamba unafuu hauchagui kozi. Uhandisi wa SUA umejikita kwenye kilimo, umwagiliaji na rasilimali za maji, na usindikaji wa mazao. Anayetaka umeme, mitambo au ujenzi asijidanganye kwa sababu ya unga wa nyumbani: aende Mlimani, DIT au MUST, akaubebe mzigo wa kodi.

Ila nawaomba wazazi wasiidharau SUA kwa jina la kilimo. Desemba 2009 mafuriko yaling'oa reli Kilosa. Januari 2014 maji yalikata barabara kuu pale Magole, na magari ya Dodoma yakakwama. Wilaya hii inahitaji watu wanaojua kupima mto, na hawatoshi. Hata mafunzo kwa vitendo, yanayowatesa wanafunzi wengi kwa kutafuta nafasi, yana milango karibu: viwanda vya sukari vya Mtibwa, Mkulazi pale Mbigiri na Kilombero, ambacho mtambo wake mmoja uko upande wa Kilosa. Kijana analala kwa shangazi, anakwenda kiwandani.

UDOM ni njia ya katikati. Ilianzishwa 2007 ikajengewa mabweni mengi, hivyo suala la chumba linapungua, na treni ya umeme inayopita Kilosa imeisogeza Dodoma. Nguvu yake iko kwenye madini, mafuta, mawasiliano ya simu na kompyuta. Kwa kozi hizo ningeifikiria kabla ya Dar.

Kabla ya kuthibitisha chuo kimoja, na Tume ya Vyuo Vikuu hairuhusu kushika viwili, ulizeni Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama inaitambua shahada hiyo. Shahada pekee haimfanyi mtu mhandisi mtaalamu. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha mpango wa bodi wa kuwanoa wahitimu huchukua miaka mitatu kazini chini ya msimamizi. Posho ya kipindi hicho haina uhakika, basi bajeti ya familia iwe ya miaka saba, si minne.

Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na fizikia na hesabu nzuri ana mlango mwingine: stashahada ya miaka mitatu DIT, Chuo cha Ufundi Arusha au MUST. Kidato cha tano na sita havina ada tangu 2022, kwa hiyo njia ya shuleni ni rahisi kwa fedha na fupi kwa mwaka mmoja. Lakini wa stashahada anatoka fundi sanifu, anaweza kuajiriwa, na tangu 2023 baadhi ya kozi za ngazi hiyo zinakopesheka. Nyumba yenye watoto watatu nyuma yake ingemtuma huko kwanza, kisha shahada akaitafute akiwa na mshahara wake.