Kabla Hujamlipia Mtoto Akademi ya Mpira, Piga Hesabu ya Mwaka Mzima

Mwaka jana mwezi wa nne, saa nne usiku, dada yangu alinitumia ujumbe: "Niazime 5,000, nitakurudishia ijumaa." Nilidhani ni kodi ya nyumba. Kumbe ilikuwa nauli ya kwenda Mombasa, kumsindikiza kijana wake kwenye mashindano ya mpira. Ada ya mtoto, shilingi 14,000, alikuwa ameshailipa asubuhi hiyo kwa mkopo wa simu. Kijana mwenyewe ana miaka saba.

Mimi kazi yangu hapa ni kuwaelezea wateja matumizi ya pesa kwa simu, na hata hivyo mambo kama haya yanatokea kwa familia yangu. Kwa hivyo sitakuhubiria. Nitakueleza tu tulichokiona tulipoketi na dada tukafungua simu yake, kwa sababu nina hakika wazazi wengi wako pale pale alipokuwa.

Alipokuwa akimsajili, dada alihesabu kitu kimoja: ada ya mwezi. Ilikuwa 6,500. Miezi kumi ya mazoezi kwa mwaka, 65,000. Si pesa kidogo, lakini alisema atajikaza, maana kocha alimwambia, "Mama, huyu mtoto ana kitu." Nani hatajikaza akiambiwa hivyo?

Tukaomba taarifa ya miamala ya miezi iliyopita na kuipitia mstari kwa mstari. Anakaa Umoja, na uwanja uko upande ule mwingine wa mji, kwa hivyo ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa watu wawili nauli ni 400 kila siku ya mazoezi, mara mbili kwa wiki. Hiyo ni 3,200 kwa mwezi, 32,000 kwa miezi kumi. Chakula baada ya mazoezi, 150 kila mara, kinafika 12,000. Usajili 3,000. Jezi na soksi rasmi, lazima zinunuliwe kwao, 5,500. Njumu 2,800, na mguu wa mtoto hauulizi kama una pesa, kwa hivyo jozi mbili, 5,600. Mashindano matatu ya hapa Nairobi, 1,500 kila moja. Halafu Mombasa: 14,000 ya mtoto na 9,000 ya dada mwenyewe.

Jumla ilikuwa 150,600. Aliingia akijua 65,000.

Dada alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni karo." Na kweli ilikuwa karo. Ile akiba aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya dada yake mkubwa wa huyo kijana, anayeingia Gredi ya 7, ilikuwa imesimama tangu mwezi wa kwanza na yeye hakuwa ameona. Hakuna siku alitoa pesa nyingi kwa mpigo. Ni 400 leo, 150 kesho, 1,500 wiki ijayo. Pesa ya simu hutoka kimya kimya, na hilo hata sisi tunaoiuza huduma hii ni lazima tuliseme.

Ule mkopo nao ulikuwa wa siku 30, na alirudisha 15,260. Ukisikia 1,260 unaona ni kawaida. Lakini kama angeendelea kukopa kiasi kile kile kila mwezi ili kulipa cha mwezi uliopita, kwa mwaka angelipa 15,120 ya gharama peke yake, zaidi ya mkopo wenyewe. Mkopo wa simu unaweza kukutoa kwenye shida ya ghafla, mtoto akiugua usiku kwa mfano. Mashindano yanajulikana miezi kabla. Ukiona huwezi kuyalipia bila kukopa, hiyo tayari ni jibu.

Mombasa ilikuwaje? Timu ilicheza mechi nne. Mpwa wangu aliingia uwanjani dakika 11, zote pamoja. Ukijumlisha ada, nauli na gharama ya mkopo ni 24,260, yaani kama shilingi 2,200 kwa kila dakika. Alirudi na medali ya kushiriki na akaniambia, "Anko, nilishika mipira." Alimaanisha alikuwa akiwaokotea wenzake mipira wakipasha misuli.

Sisemi kocha ni mtu mbaya. Timu inayoshindana lazima ishinde, na ili ishinde wanacheza walio tayari. Ila kuna jambo ambalo wazazi huwa hatuambiwi. Kikundi cha umri huhesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Mpwa wangu ni wa Oktoba. Wenzake wawili wanaoanza kila mechi ni wa Januari mwaka huo huo. Kwa mtu mzima miezi tisa si kitu. Kwa mtoto wa miaka saba ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maisha yake yote. Yule wa Januari ni mrefu, ana mbio na anaelewa maagizo haraka, basi anaitwa mwenye kipaji, anachezeshwa zaidi, na kwa kuchezeshwa zaidi anakuwa bora kweli. Watafiti wa michezo wameliona hili nchi nyingi. Kwa hivyo ukiambiwa mtoto wa miaka saba "ana kitu" au "hana kitu," uliza kwanza amezaliwa mwezi gani.

Na haraka ni ya nini? American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kilishauri mwaka 2016 kwamba kwa michezo mingi ni heri mtoto asijifunge kwenye mchezo mmoja mpaka afike miaka 15 au 16 hivi, na apumzike angalau siku moja au mbili kila wiki. Viungo vinavyokua vikirudia mwendo ule ule mwaka mzima huumia, na moyo nao huchoka. FIFA yenyewe, inapopiga hesabu ya fidia ya mafunzo ya mchezaji, huanzia msimu anaofikisha miaka 12. Ya kabla ya hapo haihesabu.

Tuna mifano yetu pia. Michael Olunga alikuwa akisomea uhandisi Technical University of Kenya huku akisakata kabumbu. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 akiwa na Kashiwa Reysol na akawa mchezaji bora wa ligi ya Japani. Julius Yego alijifunza mkuki kwa kutazama video za YouTube na akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015. Na chini ya CBC, mtoto anayependa michezo kweli anaweza kuchagua njia ya sanaa na sayansi ya michezo akifika Gredi ya 10. Umri huo ndio ule ule wanaousema madaktari.

Tenisi ni tofauti kidogo, kwa sababu wengi wanaofika mbali huanza wakiwa wadogo. Angella Okutoyi, aliyeshinda Wimbledon ya chipukizi mwaka 2022 kwa wachezaji wawili wawili, alishika raketi akiwa mdogo sana. Na masomo ya kuogelea ningeyalipia hata mimi, kwa sababu mtoto anayejua kuogelea ana faida hata asipopata medali maisha yake yote.

Sasa, kuna wakati akademi ya kulipia inafaa. Inafaa mtoto mwenyewe akikuamsha Jumamosi yenye baridi badala ya wewe kumbembeleza. Inafaa kocha akiweza kukueleza mtoto wako amejifunza nini mwezi huu, si timu imeshinda ngapi. Inafaa kila mtoto akipewa muda wa kucheza, na uwanja ukiwa wazi ili mzazi atazame anapotaka. Hilo la mwisho usiliache. Kocha anayetaka kubaki na mtoto peke yake, au kumsafirisha bila mzazi kujua analala wapi na nani, si wa kulipwa hata shilingi moja. Na ukiwa na wasiwasi juu ya usalama wa mtoto, piga 116, ni bure.

Ukiamua kulipa, lipa muhula mmoja kwanza, hata kama wanakupunguzia ukilipa mwaka mzima. Mtoto wa miaka saba anaweza kupenda mpira mwezi wa kwanza na kufikia wa tatu anataka karate. Pesa iende kwa paybill au till yenye jina la akademi, si nambari ya kocha. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, andika jina la mtoto mahali pa akaunti, na usifute ujumbe wa uthibitisho, maana siku wakisema hujalipa huo ndio ushahidi wako. Uliza pia mapema: mtoto akiumia, hospitali analipa nani? Dada hakuuliza.

Na yule anayekupigia simu akisema yeye ni wakala, mtoto amechaguliwa kwa majaribio Ulaya, tuma pesa ya visa leo kabla ya saa kumi? Sheria za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi kwa nchi isipokuwa katika hali chache. Kata simu.

Kama unachotaka ni mtoto acheze, mpira wa bei nafuu upo. MYSA ya Mathare imekuwa ikiendesha ligi za watoto tangu 1987, na timu hupata pointi za kusafisha mtaa pamoja na za mechi. Mitaa mingi ina kocha anayekusanya watoto Jumamosi. Hana jezi za kupendeza, lakini mtoto wako atagusa mpira.

Mpwa wangu alimaliza muhula aliokuwa amelipiwa. Sasa anacheza uwanja ulio karibu na nyumbani, 100 kila Jumamosi, anaenda kwa miguu na rafiki zake wawili. Dada alifungua akiba ya kufungia kwenye simu, inakata 2,500 kila mwezi tarehe mbili, na ameipa jina "Karo Usiguse." Zile njumu za 2,800 tayari zinambana. Juzi kijana alifunga bao, akamwambia mama yake anataka kujaribu sketi za magurudumu.