Betri Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Gari likikataa kuwaka, lawama huiangukia betri, ambayo pengine haina kosa. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikipimwa baada ya kupumzika saa kadhaa, huonyesha takriban volti 12.6. Kisha injini iwashwe, kipimo kirudiwe: katika magari mengi, volti 13.8 hadi 14.4 ni dalili kwamba altaneta inachaji. Kipimo kisipopanda, mkanda uliolegea na nyaya zenye kutu zichunguzwe kabla ya kununua chochote. Kikizidi 15, yaelekea kidhibiti cha volti kimeharibika, nayo maji ya betri hukauka upesi. Desturi ya kung'oa waya wa betri injini ikinguruma ni urithi wa zama za dainamo. Katika altaneta, huweza kuunguza daiodi.