Je, Korodani za Mwanao Zimeshuka?

Mtoto anapozaliwa sisi wazazi humtazama macho, masikio na vidole. Lakini akiwa wa kiume, wengi wetu huona haya kumkagua pumbu. Kwa sababu ya haya hizo, wako watoto wanaokua na kasoro ambayo ingetibiwa mapema. Leo tutaieleza kasoro hiyo.

Korodani ni nini?

Mwanamume ana korodani mbili zenye umbo la yai. Hukaa katika mfuko wa ngozi uitwao pumbu. Korodani ya mtu mzima ina urefu wa sentimeta 4 hadi 5. Ndani yake mna vifereji vyembamba kama nyuzi, na humo hutengenezwa mbegu za uzazi. Kazi yake ya pili ni kutoa homoni inayoingia katika damu. Homoni hiyo ndiyo inayomfanya kijana aote ndevu na sauti yake iwe nzito. Kwa kawaida korodani za mvulana huanza kukua akiwa na umri wa miaka 9 hadi 14. Moja ikining'inia chini kuliko nyingine, si ugonjwa.

Kwa nini zikae nje ya tumbo?

Joto la tumboni ni nyuzi 37 hivi. Mbegu za uzazi hazitengenezwi vizuri katika joto hilo. Zinahitaji mahali penye joto pungufu kwa nyuzi 2 hadi 4. Ndiyo maana wakati wa baridi pumbu hujikunja na kusogea karibu na mwili, na wakati wa joto hulegea.

Hata hivyo, korodani haziumbiki katika pumbu. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, korodani zake huumbika ndani ya tumbo lake, karibu na figo. Kisha huteremka polepole, hupita kwenye kinena, na katika miezi ya mwisho ya mimba huingia katika pumbu. Mara nyingine moja au zote mbili hukwama njiani. Katika watoto wa kiume 100 waliozaliwa kwa kutimiza miezi yao, 3 hivi huwa na kasoro hii. Watoto njiti huwa nayo zaidi. Nyingi hushuka zenyewe kabla mtoto hajatimiza miezi 6. Baada ya hapo ni nadra kushuka.

Ufanye nini?

Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu. Kisha, mikono yako ikiwa na joto, papasa pumbu taratibu. Utasikia vitu viwili kama punje za maharage. Ukikosa kimoja, usifadhaike. Mtoto akisikia baridi, korodani huweza kupanda na kurudi. Jaribu tena siku nyingine. Ukiikosa tena, mweleze muuguzi siku ya kliniki. Mtoto akitimiza miezi 6 nayo haijashuka, mpeleke hospitali. Daktari ataiteremsha kwa upasuaji, na inafaa ufanywe kabla ya miezi 18. Usiikande wala usiivute.

Korodani ikiachwa juu huharibika. Zikiwa zote mbili, mtu huweza kukosa uzazi. Tena hatari ya saratani ya korodani huongezeka. Wengine hugundua wakiwa wamekwisha kuoa, na lawama za kukosa mtoto huwa zimekwisha kumwangukia mke asiye na kosa.

Jambo la mwisho. Mvulana akishikwa ghafla na maumivu makali ya korodani, pengine pamoja na kutapika, huenda korodani imejisokota na damu haifiki. Asipotibiwa katika muda wa saa 6 hivi, anaweza kuipoteza. Usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Basi, ndugu mzazi, mwambie mwanao asifiche maumivu ya sehemu hizo. Nawe, leo jioni wakati wa kumwogesha mdogo wake, hesabu: ni mbili?