Kuchagua Chujio la Oili kwa Injini ya Gari Kuukuu

Mwenye gari kuukuu afikapo katika duka la vipuri na chujio lake la zamani mkononi, aghalabu muuzaji hulilinganisha kwa macho na yaliyomo rafuni, kisha humpa lile linalofanana nalo kwa urefu na unene. Kulinganisha kwa namna hiyo kwaweza kuiua injini, kwani umbo la kopo ndilo lenye uzito mdogo katika mambo yote yapasayo kuchunguzwa.

Oili izungukapo ndani ya injini hukusanya masizi, vumbi na chembe za chuma. Utando wa oili ulio baina ya krenki na beringi zake una unene wa mikroni chache tu (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na chembe inenepayo kuliko utando huo hukwaruza chuma. Chujio la kwanza lililopata sifa, Purolator la mwaka 1923, lilibuniwa Marekani na Ernest Sweetland na George Greenhalgh. Katika mitambo ya awali ni sehemu tu ya oili iliyopita katika chujio. Baadaye ukaenea mpango wa kuipitisha yote kabla ya kufika kwenye beringi. Volkswagen Beetle ya zamani haikuwa na chujio la karatasi, bali wavu wa waya tu, ndiyo maana ilitaka kubadilishiwa oili mara kwa mara.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni hesi, yaani mifuo ya skrubu inayolishika chujio kwenye injini. Aina mbili zilizoenea sana hukaribiana mno. Moja ni ya inchi: kipenyo chake ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, na kila inchi ina hesi 16. Nyingine ni ya milimita 20, nayo hesi zake zimeachana milimita 1.5. Chujio la milimita 20 likifungwa kwenye bomba la inchi huingia, na hata hukaza. Lakini tundu lake, likipimwa kwenye ncha za hesi, ni la milimita 18.4 hivi, kwa hiyo hesi hushikana kwa kina cha milimita 0.3 tu kila upande, badala ya 0.8. Kinyume chake hakina hatari, kwa kuwa chujio la inchi hugoma kuingia kwenye bomba la milimita 20.

Mwalimu wa fizikia aweza kuwapa wanafunzi hesabu ifuatayo. Iwapo mpira wa chujio una kipenyo cha milimita 62, eneo lililozungukwa nao ni meta ya mraba 0.003. Kanieneo ya oili ikiwa paskali 400,000, kani inayolisukuma chujio litoke ni nyutoni 1,200, ambayo yapita uzito wa gunia la kilo 100. Asubuhi, oili ikiwa baridi na mnato wake mkubwa, kani hiyo huzidi. Hesi zilizoshikana kwa ncha zikiachia, oili yote humwagika barabarani, na injini hukwama muda mfupi baadaye.

Ndani ya kopo mna vali mbili ambazo jicho halizioni kwa urahisi. Ya kwanza hufunguka karatasi inapoziba, ili oili ipite bila kuchujwa, maana oili chafu ni heri kuliko kukosa oili. Katika machujio mengi hufunguka tofauti ya kanieneo ifikapo paskali 100,000 hivi, ila injini nyingine hutaka zaidi. Tena ziko injini zenye vali hiyo katika bloku, na chujio lake halina. Likihamishiwa injini nyingine na kuziba, oili haina njia. Vali ya pili ni kipande cha mpira kizuiacho oili isirudi chini injini ikizimwa. Chujio lililolala au kupinduliwa likiikosa, injini hugonga kwa sekunde kadhaa kila asubuhi.

Hesi, kipenyo cha mpira na vali zikilingana, ndipo ukubwa wa kopo huweza kufikiriwa, na kwa injini iliyochoka kopo refu zaidi lina faida. Gesi nyingi hupenya kwenye ringi za pistoni zilizolika na kuichafua oili upesi. Eneo la karatasi likiwa maradufu, tofauti ya kanieneo hupungua kwa nusu, na nafasi ya kubeba uchafu huongezeka. Sharti kopo lisiguse ekzosi wala kuning'inia mahali pa kupigwa na mawe. Wala haifai kuahirisha kumwaga oili kwa kutegemea ukubwa huo, kwani karatasi haiondoi asidi wala petroli iliyoyeyuka ndani yake.

Land Rover za Series II na III zenye injini ya lita 2.25 hazitumii kopo la kutupwa, bali karatasi iwekwayo ndani ya bakuli la chuma. Huko kinachopimwa ni urefu wa karatasi na mpira wa mdomo wa bakuli. Mpira wa zamani huganda katika mfereji wake na kufanana na chuma. Ukiachwa humo na mpya ukawekwa juu yake, bakuli huvuja mara injini iwashwapo.